Nilisoma wapi hiki? Miezi minne na Recoll na kiendelezi chake

Mwezi wa tatu nilikuwa natafsiri kijitabu kuhusu mikoko ya delta ya Rufiji. Mteja alitaka kila aina iandikwe kwa jina la kisayansi na kwa jina analolitamka mvuvi. Nne hazikunisumbua: Rhizophora mucronata ni mkoko wenyewe, Avicennia marina ni mchu, Ceriops tagal ni mkandaa, Xylocarpus granatum ni mkomafi. Ya tano, Sonneratia alba, nilikuwa nimesoma jina lake mahali fulani wiki mbili kabla, usiku wa manane, nikajiambia nitalikumbuka. Sikulikumbuka.

Nikaingia kwenye historia ya Firefox. Historia ya kivinjari inatunza anwani ya ukurasa na kichwa chake, basi. Yaliyomo ndani haiyajui. Na ukurasa ule, kama zilivyo kurasa nyingi za miradi, kichwa chake kilikuwa kitu kama "Ripoti ya mwisho 3". Nikawa nafungua mmoja baada ya mwingine, thelathini na kitu, picha za mikoko zinashuka kwa mwendo wa konokono, mpaka bando la buku mbili likakata kabla sijaliona neno langu. Mpwa wangu, mtoto wa kaka, anakaa kwangu hapa Kimara huku anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Alikuwa anakula. Akasema bila hata kuinua uso kwenye sahani, "Shangazi, unalipia kitu kimoja mara mbili."

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Nimelipia ukurasa, nimeusoma, umepita kwenye kompyuta yangu, halafu kuuona tena nalipa upya kama sijawahi kukutana nao. Ndiyo sababu ya kuhangaika kwa miezi minne sasa na Recoll, programu ya kutafuta neno ndani ya mafaili yaliyo kwenye kompyuta yako, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Wazo lenyewe si geni kwangu. Ofisi niliyokuwa nafanyia kazi zamani pale Posta ilikuwa na Google Desktop, ile iliyotoka 2004. Uliandika neno moja, ikakuletea barua pepe, waraka wa Word na kurasa ulizowahi kufungua, vyote kwa pamoja. Niliizoea kama mtu anavyozoea msichana wa kazi mzuri. Mwaka 2011 ikafungwa, nikarudi kwenye daftari la kuandika "angalia tovuti ile ya samaki". Upande wa Linux, mfumo wa kompyuta usio Windows, nako kulikuwa na Beagle, na kiendelezi chake cha Firefox, yaani programu ndogo inayobandikwa kwenye kivinjari, nayo ikafa. Recoll imerithi ujanja mmoja wa Beagle: kiendelezi kinadondosha ukurasa kwenye folda iitwayo ToIndex, programu inapita baadaye inaokota.

Recoll ni kazi ya Mfaransa anayeitwa Jean-François Dockès, na injini ya kutafutia iliyo ndani yake ni Xapian. Kwenye Linux ni bure. Kwa Windows wanaomba malipo kidogo kwa toleo lililoandaliwa tayari, lakini mimi natumia Linux Mint, kwa hiyo ilikuwa ni kuandika sudo apt install recoll na kusubiri. Inachofanya ni kile kile cha faharasa ya nyuma ya kitabu: inasoma kila faili mara moja, inaorodhesha neno gani lipo wapi, na siku ukiuliza haifungui mafaili tena, inatazama orodha. Laptop yangu ni HP EliteBook ya mtumba kutoka Kariakoo, RAM yake GB 4, na ndani ina miaka kumi na minne ya tafsiri. Niliwasha kazi ya kwanza ya kuorodhesha jioni nikiwa nimeinjika maharage. Maharage yakaiva, bado. Wali ukaiva, ikawa imemaliza.

Swali la kwanza niliuliza "mchu". Ikaniletea tafsiri yangu niliyokuwa nimeisahau kabisa, ya miaka ile, ambayo ndani yake nilieleza kuwa mbao za mchu hazifai kitu fulani ambacho kwenye kijitabu kipya nimeandika kuwa zinafaa. Nikafunga, nikaenda kunawa uso.

Sura yake haina mapambo. Kisanduku cha kuandikia, chini yake majibu yenye vipande vya maandishi vinavyoonyesha neno lilivyokaa kwenye sentensi, na viungo vya kuchungulia au kufungua faili. Kama umezoea programu za simu utadhani hii ni fomu ya kuombea kiwanja. Lakini hivyo vipande vya maandishi kwa mfasiri ni mali: naona neno likiwa kazini kabla ya kufungua chochote. Inasoma PDF, Word, epub, barua pepe. Kwa PDF zilizopigwa picha, zile zisizo na maandishi ndani, inaweza kuagiza Tesseract isome herufi, na Tesseract ina data ya Kiswahili, unaweka tu msimbo wa swa. Ni polepole mno kwa mashine yangu, lakini nimepata ndani yake majarida ya zamani ambayo yalikuwa yamelala kwenye diski kama mawe.

Hayo ni mafaili. Shida yangu ilikuwa kurasa za mtandaoni, na hapo ndipo kiendelezi kinapoingia.

Kiendelezi cha Recoll cha Firefox ni cha bure, kipo kwenye tovuti ya viendelezi ya Mozilla, wenye Firefox yao. Ukikiweka, ukurasa unaoutembelea unaandikwa kwenye diski yako, na Recoll inauingiza kwenye faharasa pamoja na vingine. Njia yenyewe ya kuuandika ndiyo inayochekesha. Tangu Firefox 57, Novemba 2017, viendelezi vya mtindo wa zamani viliondolewa, na hivi vipya havina ruhusa ya kuandika faili popote vinapotaka. Njia rahisi iliyobaki ni kujifanya unapakua. Kwa hiyo kila ukurasa unapakuliwa kama vile umeubofya mwenyewe, faili mbili kila mara, moja ina ukurasa na nyingine ina maelezo yake, majina yote yanaanza na recoll-we. Zinakaa kwenye folda ya vipakuliwa mpaka Recoll ije kuzihamisha.

Haya yote nimekuja kuyajua baadaye. Wiki ya kwanza nilichojua ni kwamba folda ya vipakuliwa imejaa mafaili ya ajabu yenye majina marefu ya namba na herufi, mia mbili na zaidi. Mimi nikaona hivi ni virusi. Nikafuta yote, nikamwaga na pipa la taka, nikamsimulia mpwa wangu kwa fahari kabisa.

Alinyamaza kidogo. "Shangazi, hizo ndizo kurasa zako."

Sababu ya kurundikana ilikuwa mstari mmoja kwenye mipangilio, processwebqueue, ambao ulitakiwa kuwa 1 na sisi hatukuugusa. Kiendelezi kilikuwa kinadondosha na hakuna aliyekuwa anaokota. Hapa nawalaumu waliotengeneza, kidogo tu: kiendelezi hakikusema lolote. Kilikuwa kinafanya kazi kwa bidii kama kuli anayeshusha magunia kwenye ghala lililofungwa. Kero nyingine ni kile kidirisha cha vipakuliwa cha Firefox kinachojifungua kila kitu kinapopakuliwa. Unasoma, kinachomoza. Unafungua kingine, kinachomoza. Kinazimwa kwenye about:config, ukurasa wa mipangilio ya ndani ya Firefox, tafuta browser.download.alwaysOpenPanel uifanye false. Fanya hivyo kabla hujagombana na mtu.

Baada ya hapo tulikaa vizuri kama wiki tano. Halafu kurasa zikaanza kupotea.

Si zote, za zamani tu. Nilikuwa nimehifadhi ukurasa wa mlilana (ndiyo, nililipata jina: mlilana, na wengine husema mpira), nikautafuta tena, haupo. Mpwa wangu akasoma maelekezo mpaka saa sita usiku akarudi na jibu: ghala la kurasa za mtandaoni lina ukomo, na ukomo wa kuanzia ni MB 40. Likijaa, halikuambii limejaa. Linaandika mapya juu ya ya zamani, mzunguko kwa mzunguko. MB 40 kwa mtu anayesoma kama mimi ni nyumba ya chumba kimoja na watoto saba. Kuna mstari unaitwa webcachemaxmbs, tukaweka 800. Naomba kila atakayefuata njia hii aubadilishe siku ya kwanza, asisubiri kufiwa kwanza.

Na kuna jambo la aibu. Siku moja nilitafuta jina langu mwenyewe kuona limeandikwa wapi kwenye tafsiri zangu. Jibu la tatu lilikuwa taarifa ya akaunti yangu ya benki, salio na kila nilichotoa, neno kwa neno. Niliifungua kwenye kivinjari, kiendelezi kikaihifadhi kama kilivyoagizwa, na sasa ilikuwa imelala kwenye diski bila kufuli, kwenye kompyuta ambayo fundi wa jirani huwa anaishika nikikwama. Kosa si la benki wala la Recoll, mimi ndiye niliyekiambia kihifadhi kila kitu. Lakini mtu yeyote anayepanga kutumia kitu cha namna hii afikirie barua pepe, hospitali, benki na miamala ya simu kabla, si baada.

Hilo ndilo lililomfanya mpwa wangu aanze kutengeneza cha kwake. Msimbo wa kiendelezi, yaani maandishi yanayokiendesha, uko wazi kwa yeyote, kwa hiyo aliuchukua akaanza kuubadili. Badiliko la kwanza lilikuwa dogo: kihifadhi pale tu ninapobofya kitufe, na kuwe na orodha ya tovuti zisizoguswa hata nikibofya kwa bahati mbaya. Siku mbili. Kazi ikaisha, nikampikia pilau. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa amani.

Lakini nilikuwa na dukuduku. Nikiandika "mkoko", Recoll inaniletea kurasa zenye mkoko. Zenye mikoko haileti. Nikiandika "mikoko", zenye neno mkoko peke yake zinaachwa nje. Kwa Kiingereza hakuna shida hii, kwa sababu programu ina kanuni za kupunguza neno hadi shina, na kwa Kiingereza shina linapatikana kwa kukata mkia: ondoa s, ondoa ing, ondoa ed. Kanuni hizo zinatoka kwenye mradi wa Snowball, wenye lugha nyingi, hata Kibaski na Kitamili wamo. Kiswahili hakimo. Na hata kingekuwemo, kisu kinachokata mkia hakitusaidii sana, maana sisi tunabadilika kichwani. Kitabu, vitabu. Mtoto, watoto. Anasoma, walisoma, hatutasoma. Kisha tunabadilika na mkiani pia, tukipika, tukipikia, tukipikiwa, tukipikishwa. Neno la Kiswahili limevaa kofia na viatu.

Recoll inakubali nyota mbele ya neno, *koko, nayo inaleta kila kinachoishia hivyo. Lakini inabidi ipitie orodha nzima ya maneno kuanzia a, kwa hiyo inachelewa, na hapa kwangu iliniletea mkoko, mikoko, na ukoko wa wali kutoka kitabu cha mapishi nilichotafsiri zamani.

"Hilo dogo, Shangazi," akasema. Nimejifunza kuogopa kijana akisema hilo dogo.

Mpango wake: kiendelezi kabla hakijauandika ukurasa kwenye diski kiyapitie maneno, kikate vichwa, mi na m, ki na vi, wa, ma, kisha kiongeze mashina hayo ndani ya nakala kama maneno muhimu ya ukurasa, pale mwanzoni mwa faili la ukurasa, kwenye kichwa cha HTML, ambako Recoll huwa inasoma. Kwa hiyo mkoko na mikoko vyote vinaacha "koko", na mimi nikiandika koko napata vyote. Yeye anatengeneza, mimi najaribu. Alikuwa na zana ya Mozilla inayoitwa web-ext, inamfungulia Firefox mpya yenye kiendelezi ndani na kukipakia upya kila anapohifadhi mabadiliko. Kwake kila kitu kilikuwa shwari.

Kwangu ilikuwa hivi. Kiendelezi ambacho Mozilla hawajakisaini hakikubaliki kwenye Firefox ya kawaida. Unaweza kukipakia kwa muda kupitia about:debugging, lakini ukifunga Firefox kinaondoka na vumbi lake. Betri ya mtumba wangu inakaa dakika kumi. Umeme ukikatika, nayo imekatika, na kiendelezi kimekwenda. Siku moja nimefanya kazi kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri nabofya mahali kitufe kilipokuwa, nimezama kwenye kusoma, sikuona kwamba kitufe chenyewe hakipo. Nusu siku, hakuna kilichohifadhiwa. Nikampigia simu akiwa darasani, jambo ambalo tulishakubaliana sitalifanya.

Halafu tukafika kwenye kujaribu kwenyewe. Nilimtengenezea ukurasa wa maneno kama mwalimu anavyotunga mtihani, na niseme ukweli, nilitunga kwa ukatili.

Wa kwanza kuanguka alikuwa ng'ombe. Msimbo wake ulikuwa unatambua neno kama mfululizo wa herufi, na ile alama ya ng' si herufi, kwa hiyo ng'ombe akachinjwa vipande viwili: ng, na ombe. Ng'ambo, ng'oa, ng'ara, wote hivyo hivyo. Akarekebisha. Nikamletea ukurasa mwingine ambao alama yake ni ile iliyopinda, ya Word, ng'ombe akachinjwa tena. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni alama mbili tofauti. "Nani anaandika hivi?" akauliza. Nikamjibu, kila mtu anayetumia Word, mwanangu, yaani nusu ya ofisi za nchi hii.

Kisha mti na kiti. Kata m ya mti, inabaki ti. Kata ki ya kiti, inabaki ti. Miti, ti. Viti, ti. Nikatafuta miti ya pwani nikaletewa ukurasa wa mafundi wa viti wa Keko. Mtu na kitu wakawa ndugu, wote tu, na tu yenyewe ni neno ambalo halikosekani kwenye ukurasa wowote. Kijiko kikawa jiko. Na Kimara, kwetu, ikakatwa ki ikabaki mara, kwa hiyo nikitafuta kitu kilichotokea mara nyingi naletewa mabasi ya mwendokasi ya Kimara. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mpwa wangu hakucheka. Alikuwa ameandika mistari mia tatu.

Tulikaa barazani tukazungumza, na nadhani hii ndiyo siku nzuri kuliko zote katika jambo hili. Nilimwambia: Mswahili hatafuti shina. Hakuna mtu duniani anayeamka asubuhi akatafuta "koko" au "tabu" akimaanisha kitabu. Tabu ni tabu. Mtu anatafuta neno zima, ila hajui ukurasa umelitumia kwa umoja au kwa wingi. Basi usikate. Ukiona mikoko, ongeza mkoko pembeni. Ukiona kitabu, ongeza vitabu. Jozi.

Aliandika upya kwa jioni mbili, na sehemu kubwa ya ile mistari mia tatu ikafutwa. Sasa miti inaongezewa mti, viti vinaongezewa kiti, hawagusani. Makosa yapo bado, lakini ni makosa yasiyo na meno. Kigoma inaongezewa Vigoma, Mikocheni inaongezewa Mkocheni, kila inaongezewa vila. Hakuna atakayetafuta Vigoma, kwa hiyo acha ikae.

Ambayo hayafuati kanuni niliyamaliza mwenyewe, na bila msimbo. Recoll ina mahali pa kuweka faili la visawe, faili la maandishi ya kawaida tu, kila mstari kundi la maneno yanayohesabiwa kuwa kitu kimoja wakati wa kutafuta. Huhitaji kuorodhesha upya chochote. Nikaandika: jicho macho. Jino meno. Ulimi ndimi. Waraka nyaraka. Mwizi wezi. Mwaka miaka. Uso nyuso. Kisha nikaona mbona naweza kuweka na istilahi zinazonitesa kila siku, kivinjari na kisakuzi, tarakilishi na kompyuta na ngamizi, maana kila mwandishi ana chake. Nimefika mistari mia sita na kitu, naongeza nikiwa kwenye foleni ya daladala, kwenye simu, nahamishia jioni. Nitasema hivi hata kama mpwa wangu anasoma: faili langu la visawe limenisaidia kuliko kiendelezi chake. Vitenzi ndivyo vimetushinda wote wawili. Kwa "soma" natumia nyota, *som*, nasubiri, navumilia kuletewa msomali.

Kusaini nako kumekwisha. Mozilla wanasaini kiendelezi bila kukiweka hadharani kwenye orodha yao na hawatozi chochote. Tulikipeleka, kikakaguliwa, kikarudi, na sasa nikiwasha Firefox kimo. Kwa Chrome unaweza kupakia folda yako mwenyewe ukiwasha hali ya wasanidi, ila kukiweka kwenye duka lao ni kujisajili kwa dola 5, mara moja tu, kwa kadi. Kadi hatuna kwa sasa, kwa hiyo Chrome isubiri.

Kwa nani basi? Mwanasheria, mwandishi wa habari, mwanafunzi wa uzamili, mfasiri mwenzangu: Recoll iwekeni leo, hata bila kiendelezi, kwa ajili ya mafaili yenu tu. Naipa nne kati ya tano. Moja nimeinyima kwa ajili ya zile MB 40 na ukimya wake. Kiendelezi rasmi nakipa tatu, kinafanya kazi lakini kinataka mtu wa kukisimamia wiki ya kwanza. Kama kompyuta yako ina RAM kama yangu, usiwashe ile hali ya kuorodhesha papo hapo muda wote. Mimi naendesha kwa mkono mara moja kwa siku, wakati wa kuinjika. Na ujue kasoro kubwa ambayo haina dawa hapa: vyote hivi ni vya kompyuta. Ninachosoma kwenye simu, na hapa mjini wengi wetu tunasoma kwenye simu, hakimo. Nikiona kitu cha maana nikiwa kwenye mwendokasi najitumia kiungo, nakifungua tena nyumbani, yaani nalipia mara mbili kama zamani.

Kiendelezi cha mpwa wangu sikipi nyota. Anakaa kwangu, anakula kwangu, hakimu hawezi kuwa mimi. Kina kasoro moja mpya tangu aongeze maneno ya u, ukuta na kuta, ufunguo na funguo, ubao na mbao. Jana usiku, saa tano, kanitumia ujumbe kutoka chumba cha pili: "Shangazi, wingi wa uji ni nini?"

Sijamjibu bado.